Ubao wa Majina

Mzee Orval Pyle alinifundisha kulisoma bwawa kwa chupa ya achari. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini. Alichuchumaa chini ya tuta, pale linapokutana na nyasi za bondeni, akakinga maji yaliyokuwa yakivuja kidogo kidogo kati ya mawe, kisha akaiinua chupa kwenye jua.

"Unaona nini?"

"Maji."

"Rangi gani?"

"Hayana rangi."

"Basi tuta linatoka jasho tu. Kila tuta la udongo hutoka jasho. Siku ukiyaona yamechafuka, ujue hilo si jasho, ni damu. Udongo unatoka ndani. Siku hiyo usiende kunywa kahawa kwanza."

Akatema tumbaku pembeni, akanikabidhi chupa. Nilikuwa na miaka thelathini na tano na hapo kabla hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu akaniambia nikitazame vizuri.

Naitwa Twila Mabry. Nilizaliwa maili tatu kutoka kwenye bwawa hilo, katika milima yetu hii ya Apalachia, mwaka ambao mgodi wa makaa ulifungwa mara ya kwanza. Shule niliiacha darasa la nane, mama alipopatwa na kiharusi na baba akasema dada zangu wana akili kuliko mimi, kwa hiyo mimi ndiye nibaki nyumbani kumgeuza kitandani. Nilimgeuza miaka tisa. Alipokufa nikaolewa na Delmar Hatcher, nikamgeuzia yeye mkate kwenye sufuria miaka kumi na miwili, halafu akahamia kwa Charlene wa saluni, akaniachia binti yetu Kendra na mbwa kipofu. Hapo ndipo nilipokwenda hifadhini kuomba kazi ya kusafisha vyoo. Nikapewa vyoo, na kukata majani, na kufunga maboya kila majira ya kuchipua, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka, nikapewa na kazi ya kulitembelea tuta kila asubuhi.

Hifadhi yetu ni ndogo. Ni ya jimbo, lakini jimbo huikumbuka kama mtu anavyomkumbuka shangazi wa mbali. Kuna ziwa la kuzunguka kwa miguu saa mbili, ufuko wa mchanga ulioletwa kwa lori, gati la boti, meza za mbao za kulia, na bwawa lililoshika vyote hivyo, tuta la udongo walilolijenga vijana wa kazi za serikali enzi za babu yangu. Mwisho wa tuta, upande wa magharibi, pana utoro, mfereji wa zege ambamo maji yakizidi hutorokea na kushuka kijitoni. Chini ya tuta, mita mia nne tu, ndipo panapoitwa Bondeni: nyumba kumi na moja za bati, zile zinazokuja zikikokotwa na lori na zikishakaa haziondoki tena. Ya nne kutoka kijitoni ni ya binti yangu Kendra na mtoto wake Maisie.

Nusu ya kazi yangu ilikuwa kufukuza watu utoroni. Kiangazi zege la utoro huota ukungu wa kijani, na watoto huteleza juu yake kwa makalio, wazazi wao wakiwapiga picha. Kule chini maji yanapoangukia hujigeuza na kurudi nyuma, yanazunguka mahali pamoja kama nguo kwenye mashine. Kitu kikiingia pale hakitoki. Mzee Orval alikuwa akitupa gogo mbele ya wageni ili waone. Gogo lilizunguka na kuzama na kuibuka palepale, saa nzima, na wageni walipiga makofi. Kisha watoto wao walirudi kuteleza.

Lakini jambo la utoro huo ambalo kila mtu wa kwetu analijua ni ubao.

Mwaka 1974 wavuvi waliona kwamba ifikapo Julai ziwa hushuka na boti haziwezi kufika gatini bila kukwaruza. Wakapasua mwaloni, wakatengeneza ubao mmoja mnene, mrefu kama pikapu mbili, wakauchomeka kwenye mdomo wa utoro siku chache kabla ya sikukuu ya uhuru, Nne Julai. Ziwa likapanda shubiri moja. Boti zikaelea, ufuko ukapendeza, mashindano ya kambale yakafana. Tarehe sita wakaleta trekta na mnyororo, wakaung'oa. Ikawa mila. Kila mwaka mshindi wa kambale mzito huchomwa jina lake kwenye ubao huo kwa chuma cha moto, jina na mwaka. Katikati kabisa pana jina la baba yangu, Arlis Mabry, 1979. La Delmar lipo mara tatu. Jina la mwanamke halipo. Dottie Crull aliwahi kuvua kambale wa ratili thelathini na nane, wakasema mumewe ndiye aliyeshika wavu, wakachoma la mumewe.

Mzee Orval hakuupenda ubao ule. "Shubiri moja ya maji juu ya ziwa zima," aliniambia, "ni sawa na kumwekea mzee gunia moja zaidi mgongoni kwa sababu jana hakuanguka." Lakini alikuwa mtu wa hapa, na jina la mdogo wake lilikuwepo, akanyamaza. Kwenye michoro ya bwawa iliyo ofisini ubao haukuwahi kuandikwa popote. Mameneja walikuja na kuondoka, na kila mmoja Juni ikiisha alijifanya anatazama upande mwingine.

Mzee alikufa mwaka wangu wa sita. Nikabaki na chupa.

Niseme na kosa langu, kwa sababu watu wa hapa hulisema hata wasipoulizwa. Miaka mitatu kabla ya haya ninayoyaeleza, asubuhi moja ya Aprili, chupa yangu ilitoka na tope. Nilikimbia Bondeni nikigonga milango yote kumi na moja. Watu walitoka na nguo za kulalia na bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu, wakakaa kilimani kwenye baridi mpaka saa saba mchana. Kumbe mnyama mchimba mashimo alikuwa amechimba juu kidogo ya pale ninapokinga, udongo wake ukadondokea kwenye maji. Basi. Tangu siku hiyo nikipita dukani mtu ataniuliza, "Twila, leo tulale na viatu?" Hata mchungaji aliniuliza.

Kiangazi cha mwaka jana ubao ulichomekwa tarehe ishirini na nane Juni. Meneja wakati huo alikuwa Curtis Lindamood, kijana wa miaka thelathini na moja mwenye shahada ya burudani za nje. Alikuwepo utoroni siku wanauchomeka. Alishika kahawa mkononi, akasema, "Mimi sijaona kitu, wazee," wakacheka, naye akacheka. Mashindano yalikuwa yanatimiza miaka hamsini. Walitegemea boti mia moja na arobaini, na mtu mkubwa kutoka mji mkuu wa jimbo angekuja kukata utepe.

Tarehe mosi ilianza mvua. Ilinyesha siku mbili bila kupumzika, mvua ile ya kwetu inayokaa kati ya vilima kama mgeni asiyeaga. Tarehe tatu asubuhi ilikatika. Ziwa lilikuwa limejaa mpaka likawa linaulamba ubao kwa juu na kumwagika upande wa pili. Nilishuka chini ya tuta na chupa yangu.

Maji hayakuwa yakivuja kidogo kidogo tena. Yalikuwa yanabubujika, unene wa kidole gumba. Nikakinga, nikainua. Ilikuwa chai ya maziwa.

Nilikagua juu yake hatua hamsini kila upande, kwa magoti, nikitafuta shimo la mnyama. Sikuliona. Nikaimwaga chupa, nikaisuuza, nikakinga tena. Chai ya maziwa. Nikaiacha itulie juu ya jiwe, na chini yake pakajaa mchanga laini wa manjano. Mchanga wa manjano haupo juu ya tuta. Mzee alinieleza kwamba wale vijana waliolijenga waliuweka ndani kabisa, kando ya bomba la chini, lile linalopita ndani ya tuta kutolea maji ya ziwa.

Ofisini nilimkuta Lindamood akifungua maboksi ya fulana za sikukuu.

"Bwana Lindamood, tuta linatoka damu."

"Linatoka nini?"

Nikaweka chupa mezani. Aliisogeza mbali na fulana.

"Twila, mvua imenyesha siku mbili. Hata kwenye bomba la jikoni kwangu maji yana tope."

"Hayo ni ya juu. Haya yanatoka ndani. Tazama huo mchanga. Ubao utolewe sasa hivi, na watu wa Bondeni waambiwe watoke."

"Watoke tena?" Alicheka kidogo, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mama yangu, kesho hapa patakuwa na watu elfu mbili. Ofisi ya usalama wa mabwawa imefungwa mpaka Jumatatu, sikukuu. Nitawapigia Jumatatu, wataleta mtu aliyesomea. Wewe umesomea?"

"Nimelitembelea kila siku miaka kumi na saba."

"Mimi nimetembelea daktari wa meno miaka thelathini, lakini sing'oi meno ya watu. Nenda katazame vyoo vya ufukoni, nasikia cha wanawake kimeziba."

Sikwenda kwenye vyoo. Nilikwenda gatini, kwa sababu ubao ule ukishalowa huvimba na kukaza, mtu mmoja hauwezi. Unataka trekta na wanaume. Wanaume walikuwepo, kama kumi hivi, wanafunga taa kwenye boti na kula soseji. Delmar alikuwa juu ya ngazi na waya mdomoni. Yeye ndiye mwenyekiti wa mashindano.

"Delmar, nahitaji trekta. Ubao utoke."

Alitoa waya mdomoni. "Nini tena?"

"Maji ya chini yamechafuka."

"Ah!" Mmoja akapaza sauti, "Jamani, viatu! Vaeni viatu!" Wakacheka wote.

"Safari hii si mnyama," nikasema. "Delmar, Kendra yuko kule chini. Na Maisie."

"Na wamekuwa kule chini miaka mitano, na ubao unachomekwa kila mwaka." Alishuka ngazi, akanisogelea, akapunguza sauti kana kwamba ananihurumia. "Twila, mwaka huu nitashinda, nina nafasi. Litakuwa la nne. Najua huwezi kulivumilia hilo. Lakini usiwaharibie watu sikukuu kwa ajili yangu."

"Sina muda na jina lako."

"Nikuambie? Tutakuchomea na wewe jina. Upande wa nyuma, huko kunakolowa." Wakacheka tena, ila mmoja au wawili wakatazama chini. Trekta lilikuwa pale pale. Hakuna aliyelisogelea.

Nikaenda Bondeni. Kendra alikuwa anamenya viazi vya saladi ya kesho, Maisie chini ya meza anampaka mwanasesere haradali.

"Mchukue mtoto muende kwa shangazi yako. Leo tu."

Hakuinua kichwa. "Mama, tafadhali."

"Nimeiona, Kendra. Si kama ile siku."

"Ile siku pia ulisema umeiona. Mimi ndiye naishi na hawa watu, si wewe. Unajua wananiitaje kazini? Binti wa Nuhu." Aliweka kisu chini. "Kila mvua ikinyesha nihame? Nitaishije hivyo? Baba kasema bwawa ni zima."

"Baba yako kasema mengi."

"Usianze."

Nilitaka kumnyakua Maisie nitoke naye mbio. Nilisimama pale nikiupima mlango na macho. Kisha nikajua kwamba nikifanya hivyo hatanifungulia mlango ule tena, na bado zingebaki nyumba kumi. Nikambusu mtoto, akanipaka haradali, nikatoka.

Nilikuwa nimechoka. Watu wakisimulia mambo kama haya husema walipata nguvu za ajabu. Mimi sikupata. Nilipanda ile njia ya kando ya utoro nikiwaza tu kwamba miguu inaniuma, na kwamba kama kungekuwa na mtu mwingine hata mmoja wa kuifanya kazi hii ningemwachia nikakae. Stoo ya vifaa nilichukua msumeno wa injini na mkanda wa kuvutia magari. Majaketi ya kuokolea yote yalikuwa yamepelekwa gatini kwa ajili ya wageni. Niliziona kulabu zake tupu ukutani, nikazipita.

Kwanza niliwafukuza watu. Kule chini penye zege walikuwepo wavuvi watatu na baba mmoja wa mjini na watoto wake wanne wanateleza.

"Tokeni wote. Maji yanakuja."

"Tumelipia kiingilio," yule baba akasema.

"Hujalipia mazishi. Toka."

Nadhani ni uso wangu uliowatisha. Walitoka wote. Nilifunga mnyororo wa njia, nikashuka mpaka kwenye daraja la kijito kutazama kama kuna mtu mwingine, nikapanda tena kutazama mara ya pili. Saa sita na nusu nilijifunga mkanda kiunoni, upande wa pili nikaufunga kwenye reli ya chuma, nikatambaa kwenye kile kinjia chembamba kilicho juu ya mdomo wa utoro.

Ubao ulikuwa umepinda kama upinde kwa uzito wa maji. Ukitaka kuvunja kitu kilichopinda, kata pale katikati panapovimba zaidi. Katikati palikuwa na jina la baba. Sikulichagua. Nililitazama, ARLIS MABRY, herufi zake nyeusi zimekula ndani ya mti, nikakumbuka jioni aliyorudi nalo nyumbani akinuka samaki na kumwinua mama kwenye kiti chake, na nikakumbuka pia kwamba mimi ndiye niliyemshikia wavu siku ile. Nilikuwa na miaka saba. Nikauwasha msumeno.

Mwaloni uliolowa haukatiki, unatafunika. Nilikata kuanzia juu, kati ya R na L, maji baridi yakinirukia usoni. Nilipofika kama theluthi mbili ubao ukaubana msumeno, injini ikalia ikazima. Nilivuta, haukutoka. Nikasimama pale kama mjinga, mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyefungwa kwenye reli kama mbuzi. Kisha ubao wenyewe ukatoa sauti, kama mtu anayekunja vidole, mara moja, mara mbili. Ukakatika.

Sina maneno ya ile sauti. Kinjia kizima kilitikisika. Msumeno ulikwenda na maji, nusu moja ya ubao ikapaa juu ya zege na kutumbukia kule chini, nusu ya pili ikabaki imening'inia ukutani ikipigapiga. Maji yalinichukua miguu, mkanda ukanikata kiuno, nikalala kifudifudi juu ya chuma nimeng'ang'ania mpaka yakatulia kidogo. Bado nina alama kiunoni.

Walikuja mbio. Delmar mbele. Alinitazama, akatazama ule mdomo mtupu.

"Umefanya nini? Twila! Umefanya nini wewe mwanamke?"

"Nimeutoa."

"Miaka hamsini! Hilo ni jina la baba yako!"

Nilihangaika na fundo la mkanda. Meno yalikuwa yanagongana kwa baridi.

Ziwa lilishuka shubiri ile moja, halafu robo ya nyingine. Asubuhi ya Nne Julai nusu ya boti zilikuwa zimelala kwenye tope la gati kama ng'ombe. Mgeni wa mji mkuu alikata utepe mbele ya ufuko unaonuka magugu, akaondoka kabla ya chakula. Kambale aliyeshinda alikuwa wa ratili kumi na moja, na hapakuwa na mahali pa kuchoma jina.

Tarehe tano nilishuka na chupa. Bubujiko lilikuwa limepungua. Tarehe sita maji yalitoka safi kabisa, na nilipoyaona nilikaa kwenye nyasi nikalia, kwa sababu nilijua yamenimaliza. Hatari iliyozuiwa haina shahidi. Kama tuta lingepasuka ningekuwa mtu aliyesema kweli. Sasa nilikuwa mke aliyeachwa, aliyekata mila ya watu kwa msumeno ili mume wake asipate jina la nne.

Waliniita kikaoni wiki iliyofuata. Walikuwepo mwanamke wa utumishi kutoka wilayani, Lindamood, na mimi.

"Ueleze kwa maneno yako," yule mwanamke akasema, "ulikuwa unafanya nini utoroni tarehe tatu."

"Nilikata ubao."

Lindamood akainua nyusi. "Ubao gani?"

"Ule wa Julai."

"Kwenye michoro ya bwawa hakuna ubao," akamwambia yule mwanamke, akamsogezea mchoro. Na kweli haukuwepo. Nilimtazama. Hakupepesa macho. Nikaelewa alichokuwa amekaa akikipanga siku zote zile: hawezi kunishtaki kwa kukata kitu bila kukiri kwamba kilikuwepo na kwamba alikiona kikichomekwa. Kwa hiyo hawakunishtaki kwa ubao. Walinifukuza kwa kuingia utoroni peke yangu, bila mwenzangu na bila jaketi la kuokolea, kinyume cha kanuni za usalama, na kwa kupoteza msumeno. Kanuni hizo mimi ndiye niliyezipigilia ukutani, miaka kumi na mmoja nyuma, na misumari minne.

Oktoba ofisi ya usalama wa mabwawa ilimtuma mhandisi, mama mwenye mvi na buti zilizochakaa. Alikuja kwa ukaguzi wake wa kawaida, hakuna aliyemwita. Alishusha ziwa, akaingiza kamera kwenye bomba la chini, akakuta limeoza, na kando yake mchanga wa manjano umekwisha kubebwa ukabaki upenyo wa kupitisha mkono mpaka begani. Aliitisha mkutano kwenye ukumbi wa zimamoto kutueleza kwamba ziwa litakaa tupu miaka miwili. Watu walizomea. Kisha akauliza kama mwaka huu kuna wakati maji yaliwahi kupanda zaidi ya kiwango.

 Delmar alitazama kofia yake. Lindamood akasimama.

"Julai, baada ya mvua kubwa, tulishusha maji mapema. Kama tahadhari."

Tulishusha.

"Mlifanya vizuri," mhandisi akasema. "Siwezi kuapa, lakini huenda ndiyo iliyowaokoa."

Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango. Watu wawili watatu waligeuka kunitazama, halafu wakageuka mbele. Ningeweza kusimama. Nimeulizwa sana na moyo wangu kwa nini sikusimama. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, ninakogeuza watu vitandani kama nilivyoanza, na magoti yaliniuma, na nilijua wangesema, haya, Twila tena. Nikainuka nikatoka. Februari Lindamood alipandishwa, akahamia hifadhi kubwa zaidi. Ziwa liliposhushwa waliiopoa ile nusu ya ubao iliyozama, wakazifunga zote mbili pamoja kwa vyuma, wamezitundika kwenye baa ya mjini iitwayo Delbridge. Msumeno ulipopita pana pengo, na mtu akinywa husimama chini yake akamwonyesha mgeni: mwana alimkata baba yake hapa.

Hifadhini siruhusiwi kuvuka geti la wafanyakazi. Lakini nyasi za chini ya tuta zinashuka mpaka uzio wa nyuma wa Bondeni, na uzio huo si wa hifadhi. Ziwa halijakauka kabisa, wameacha maji kidogo kwa ajili ya samaki, na mvua za Machi zililiongeza. Nikitoka zamu asubuhi nilikuwa napita pale nalichungulia tuta kwa mbali.

Kendra hakuniambia kitu kuhusu Julai, wala kuhusu Oktoba. Hakuwepo ukumbini, alikuwa kazini, lakini mji wetu ni mdogo. Jumanne ya wiki iliyopita nilifika uziani nikamkuta amesimama mlangoni kwake na koti la kazini, Maisie ameshika pindo. Alitembea mpaka kwenye uzio. Mkononi alikuwa na chupa ya achari, lebo haijatoka vizuri, imejaa.

"Nimekinga saa kumi na mbili," akasema. "Pale penye mawe. Sijui kama ndipo."

"Ndipo."

Akanipa juu ya waya. Niliiinua kwenye jua. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Basi?" akauliza.

"Jasho tu."

Aliitikia kwa kichwa, akaichukua chupa yake, akaimwaga kwenye nyasi. "Kesho nina zamu ya mapema," akasema. "Nitakinga kabla sijaondoka, nitakuachia kwenye ngazi za mlangoni."